Alumini Ndani ya Damu: Anayetoka Kerende Aanzie Wapi

Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka Mgodi wa Dhahabu wa North Mara, yakaingia mto Tigithe, ambao hupita kwenye vijiji vya Nyamongo kabla ya kumwaga maji yake mto Mara. Mgodi ulikiri uvujaji huo, ukasema wezi walikuwa wameiba utando wa plastiki uliotandikwa kuzuia maji yasipenye ardhini. Wanavijiji walizungumzia ng'ombe waliokufa na ngozi zilizobabuka. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu lililokuwa likivuja, na Julai mwaka huohuo ikatolewa amri bwawa hilo lisitumike.

Kwa historia hiyo, si ajabu kwamba Kerende na vijiji jirani vya Nyangoto, Kewanja, Genkuru na Nyamwaga, mtu akiwashwa mwili mwezi mzima au mtoto akidhoofu bila homa, wazo linalotangulia ni kwenda kupimwa damu ijulikane kama ina sumu ya mgodi. Ni ombi la haki. Lakini akilipeleka hivyo kwenye dirisha la maabara atarudi mikono mitupu, kwa sababu hakuna kipimo cha "sumu ya mgodi". Maabara hupima metali moja moja kwa jina lake. Kila moja ina chupa yake na wakati wake, na nyingine hazitafutwi kwenye damu kabisa, hutafutwa kwenye mkojo.

Alumini ni mojawapo ya majina yanayotajwa sana, na ndiyo inayopotosha watu kuliko zote.

Sababu ya kuishuku ipo. Miamba ya dhahabu ya Nyamongo ina salfaidi. Ikichimbwa na kurundikwa juani, hewa na mvua huigeuza salfaidi hiyo kuwa tindikali ya salfa, na maji yakishuka chini ya pH 5 huanza kuyeyusha alumini iliyofungwa ndani ya mawe na udongo wa mfinyanzi. Alumini si mgeni aliyeletwa na mgodi. Ni metali iliyo nyingi kuliko zote kwenye gamba la dunia, karibu asilimia 8 ya uzito wake, kwa hiyo imo kwenye vumbi la njia ya Kerende, kwenye majani ya chai na kwenye damu ya kila mtu. Kinachobadilika ni kiasi, na kama mwili unaweza kuitoa.

Mwili wenye figo nzima unaitoa vizuri sana. Katika mikrogramu 1,000 za alumini zinazomezwa, kati ya moja na tatu ndizo huvuka utumbo na kufika kwenye damu, na karibu zote hutoka kwa mkojo. Sehemu ndogo hujificha kwenye mifupa na kukaa humo miaka. Hii ndiyo sababu kipimo cha kwanza cha mtu mwenye wasiwasi wa alumini ni cha kreatinini, kile kinachoonyesha figo zinafanya kazi kiasi gani. Kinapatikana hospitali ya wilaya, bei yake haiumizi, na jibu lake ndilo litakaloonyesha kama kuna haja ya kuendelea.

Anayetakiwa kweli kupima alumini ni yule ambaye figo zimeshindwa. Mwaka 1976 daktari Allen Alfrey na wenzake wa Denver, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine kisha wakapoteza kauli, wakatetemeka na kuchanganyikiwa, walikuwa na alumini nyingi kwenye ubongo. Nyingi ilitoka kwenye maji ya mashine na kwenye dawa walizopewa kushusha fosfeti. Kisiwani Curaçao mwaka 1996, kituo kimoja kiliwekewa bomba jipya la maji lililosakafiwa saruji kwa ndani. Alumini ya saruji ile iliingia kwenye maji, na kati ya wagonjwa 27 wakafa 10. Awamu moja ya kusafisha damu hutumia maji zaidi ya lita 100, na maji hayo hayapiti tumboni. Hukutana na damu yenyewe, yakitenganishwa nayo na utando mwembamba tu. Kwa hiyo mgonjwa wa Tarime au Serengeti anayesafiri hadi Mwanza au kwingineko kusafishwa damu ana haki ya kuuliza maji ya mashine yalipimwa alumini lini. Kikomo kinachokubalika kimataifa kwa maji hayo ni mikrogramu 10 kwa lita. Yeye mwenyewe apimwe damu mara moja kwa mwaka, au kila miezi mitatu kama anameza dawa yenye alumini.

Dawa hizo ziko karibu kuliko watu wanavyodhani. Vidonge vya kiungulia vinavyouzwa kila duka la dawa, ambavyo wateja huviita "magnesium", mara nyingi vina alumini haidroksaidi pia. Usome karatasi ya pakiti. Kidonge kimoja kinaweza kubeba makumi ya miligramu za alumini. Maji yaliyofika kwenye kiwango cha miligramu 0.2 kwa lita, kile ambacho mitambo mingi ya kusafisha maji hukilenga, yangehitaji kunywewa zaidi ya lita 100 ili yafikie kidonge hicho. Na anayekimeza kwa maji ya ndimu anaongeza tatizo, maana asidi ya ndimu hurahisisha alumini kuvuka utumbo. Kwa mtu mzima wa afya hilo halina madhara ya kutisha. Kwa mwenye figo mbovu ni jambo la kumwambia daktari siku hiyohiyo.

Jikoni kuna sufuria. Zinazofuliwa mitaani huyeyushwa kutoka vyuma chakavu vya kila aina, vipande vya injini vikiwemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichukua vyombo 42 vya aina hiyo kutoka nchi 10 zinazoendelea, vikachemshiwa maji yenye tindikali kidogo mithili ya chakula chachu. Kwa wastani kila mlo ungepata miligramu 125 za alumini, zaidi ya mara sita ya kiasi ambacho mtu mzima wa kilo 70 anaruhusiwa kwa siku tukigawanya kile kikomo cha wiki cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili. Habari mbaya zaidi ya utafiti ule ilikuwa ya risasi: theluthi moja ya vyombo ilitoa risasi pia. Uji uliochachushwa, mchuzi wa nyanya na maziwa mgando visilazwe kwenye sufuria ya kienyeji. Chungu au ndoo safi ya plastiki inatosha.

Shabu nayo, ile inayotupwa kwenye ndoo ya maji ya mto ili matope yatulie, ni chumvi ya alumini. Ikitumika kidogo, maji yakaachwa yatulie na kumiminwa taratibu bila kukoroga mashapo, alumini nyingi hubaki chini. Katika maji yenye tindikali haitulii vizuri, na hapo mtu anakunywa alichokusudia kukitupa.

Maji kabla ya damu

Tarehe 6 Julai 1988, dereva wa lori huko Cornwall, Uingereza, alimwaga tani 20 za alumini salfeti kwenye tangi lisilo lake, kwenye mtambo wa Lowermoor. Maji hayo yalikwenda kwa watu wapatao 20,000 wa Camelford na vitongoji vyake. Walipata vidonda mdomoni, vipele na kutapika, na wakaambiwa ukweli baada ya wiki mbili na zaidi. Alumini hukaa kwenye damu saa, si miezi. Mabishano kuhusu kilichowapata yalidumu miongo miwili na ushee, kwa sehemu kwa sababu ushahidi wa siku za mwanzo ulikuwa haba.

Kwa mtu wa Kerende maana yake ni hii: mto ukibadilika rangi leo, chupa ya maji ya leo ina thamani kuliko damu ya mwezi ujao. Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo Musoma na Mwanza, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Zipigiwe simu kabla, watoe chupa zao na maelekezo yao. Zinahitajika chupa mbili kwa kila sehemu: moja ya kupimia pH na chumvi, nyingine ya metali, ambayo hutiwa matone ya asidi ya naitriki ili metali zisigande kwenye kuta za plastiki. pH ipimwe palepale mtoni. Sampuli moja ichukuliwe juu ya mgodi na nyingine chini yake, la sivyo hakuna cha kulinganisha.

Hapa pana mtego ambao hata wasomi hunaswa nao. Wakati wa mvua mto Mara hubeba matope, na matope ni udongo wenye alumini. Sampuli isiyochujwa ikitiwa asidi, udongo wenyewe huyeyuka na mashine husoma alumini ya kutisha ambayo hakuna aliyeimwaga. Iombwe sampuli iliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45, na pia isiyochujwa, kisha majibu yote mawili yaandikwe. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kwa usalama wa afya maji yanaweza kuwa na alumini hadi miligramu 0.9 kwa lita. Viwango vya 0.1 na 0.2 vinavyotajwa zaidi ni vya utendaji wa mitambo.

Kukiwa na mgogoro, sampuli igawanywe mara tatu mbele ya mtendaji wa kijiji, mamlaka ya Serikali na mwakilishi wa mgodi. Kila upande ubaki na chupa yake iliyofungwa lakiri na kusainiwa. Machi 2022, samaki walipokufa na maji ya mto Mara kuwa meusi, kamati iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba oksijeni iliisha kwa sababu ya mimea iliyooza na kinyesi na mkojo wa mifugo. Wananchi wengi hawakuridhika. Kijiji ambacho kingekuwa na chupa yake ya siku ya kwanza kingebishana kwa namba.

Siku ya sindano

Tuseme figo zimeonyesha kasoro, au daktari ana sababu nyingine ya kuandika kipimo cha alumini. Kazi ngumu inaanza kabla ya mashine. Kwa kuwa alumini imetapakaa kila mahali, sampuli huchafuka kirahisi kuliko ya kipimo chochote anachokijua mgonjwa. Vifuniko vya mpira vina alumini. Chupa za kioo zinayo. Unga wa glavu unayo. Vumbi la mkono wa mtu aliyetoka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, asubuhi hiyo ndilo baya zaidi.

Kwa hiyo anayekwenda kupimwa aoge, abadili nguo, aoshe mkono kwa sabuni na maji hadi kwenye kiwiko. Amwambie daktari dawa zote anazomeza, za kiungulia zikiwa za kwanza, lakini asiache dawa aliyoandikiwa kwa uamuzi wake. Kama amepigwa picha ya MRI kwa sindano ya rangi, asubiri siku nne, maana rangi hiyo huvuruga usomaji wa mashine. Amuulize mchukua damu swali moja: chupa ni ya metali adimu? Kwa kawaida huwa na kifuniko cha bluu iliyokoza, haina jeli ndani, na kiwanda kimeithibitisha kuwa haina metali. Wakimwekea chupa ya kawaida yenye kifuniko chekundu au cha njano, ni afadhali aahirishe kuliko kulipia jibu la uongo.

Kinachopimwa ni seramu, yale maji ya rangi ya manjano yanayobaki damu ikiganda. Huhamishiwa kwenye kichupa cha plastiki kwa kumiminwa, kisha husafirishwa ikiwa baridi. Mashine ni za aina mbili: ile inayounguza tone la seramu kwenye tanuri dogo la grafiti na kupima mwanga uliomezwa, na ile iitwayo ICP-MS, inayochambua atomi kwa uzito wake. Hospitali ya wilaya haina hata moja, na maabara kubwa za binafsi mijini zinaweza kuisafirisha sampuli nje ya nchi. Ulizia mapema inakwenda wapi, jibu litachukua siku ngapi, na bei ni kiasi gani.

Jibu likirudi, angalia kwanza kipimo cha uzito kilichotumika. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa chini ya mikrogramu 10 kwa lita, na maabara nyingine hushusha kikomo hadi 6. Maabara ikitumia mikromoli, zidisha kwa 27 upate mikrogramu. Anayesafishwa damu anatarajiwa awe chini ya 20. Kuanzia 60 madaktari huanza kutafuta chanzo, na huenda wakafanya kipimo cha desferioksamini, dawa inayoivuta alumini kutoka mwilini. Hicho hufanyika hospitalini tu, kwani dawa hiyo inaweza kuisukuma alumini kuelekea kwenye ubongo. Kuzidi 100 ni hatari inayohitaji hatua za haraka.

Mwenye figo nzima akipata jibu la juu bila dalili, chupa ndiyo ishukiwe kwanza. Arudie kipimo. Na akipata jibu la chini, hilo haliutakasi mto: linasema tu kwamba siku chache zilizopita hakuingiza alumini nyingi.

Dalili nazo zinadanganya. Alumini iliyozidi huleta upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, maumivu ya mifupa na kigugumizi. Lakini mkoani Mara upungufu wa damu mara nyingi una malaria au minyoo nyuma yake, na hivyo vitafutwe kwanza.

Metali nyingine, na wauza majibu

Pengine ushauri wenye faida kubwa kwa Kerende ni kuiondoa alumini kwenye nafasi ya kwanza. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto mia kadhaa walikufa vijijini ambako wazazi walisaga mawe ya dhahabu nyumbani. Ilikuwa risasi, na shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières liliigundua kwa kupima damu. Kwa mtoto anayeishi jirani na karasha, kipimo cha risasi kinatangulia, na Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe damu ikifika mikrogramu 5 kwa desilita. Anayeunguza zebaki ya dhahabu kwenye mwalo, mahali pa kuoshea dhahabu, anahitaji kipimo cha zebaki cha mkojo. Aseniki nayo hutafutwa kwenye mkojo, bila kula samaki siku chache kabla.

Mfanyakazi wa vumbi ana habari yake. Kuanzia 1943 hadi 1979, wachimbaji wa dhahabu wa Ontario, Kanada, walivutishwa unga wa alumini kwenye vyumba vya kubadilishia nguo kabla ya zamu, wakiambiwa unawakinga na ugonjwa wa mapafu wa silika. Haukuwakinga. Utafiti wa mwaka 2020 ulikuta ugonjwa wa Parkinson umezidi miongoni mwao, na mwaka 2022 Ontario iliutambua kuwa ugonjwa wa kazi kwa waliovuta unga huo. Mtu wa aina hiyo hupimwa mkojo. Ujerumani kikomo ni mikrogramu 50 kwa kila gramu ya kreatinini. Vumbi la karasha za Nyamongo si unga ule. Adui yake ni silika, na kinachofaa ni picha ya kifua na makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Mwajiriwa wa mgodi au kampuni ndogo chini yake aulize pia lini alipimwa afya kwa utaratibu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), na aombe nakala ya majibu yake.

Kisha kuna wale wanaopita na mashine ya kushika kifimbo cha chuma mkononi, dakika moja ikatoka karatasi ndefu yenye "vyuma vizito" na mwishoni bei ya dawa za mitishamba za kuvitoa. Kifimbo hicho hakipimi metali yoyote. Kipimo cha nywele kwa alumini nacho hakitegemewi, kwa kuwa vumbi la nje haliwezi kutenganishwa vizuri na lililotoka ndani. Na anayepewa kwanza dawa ya kuvuta metali halafu akapimwa mkojo, lazima aonekane juu: kila mtu ana metali kidogo mwilini, na dawa imezikusanya. Chama cha madaktari wa sumu cha Marekani, ACMT, kimeupinga mtindo huo.

Watafiti wakifika kijijini na sindano, waulizwe kibali cha utafiti, metali wanazotafuta, na tarehe ya kurudisha majibu kwa kila aliyetoa damu. Kijiji kilinganishwe na kingine kilicho mbali na mgodi, kwa chupa za aina moja na maabara moja.

Mwenye hela kidogo azipange hivi: maji ya chanzo anachokunywa, kama kijiji hakijayapima, kreatinini yake, risasi kwa mtoto, zebaki ya mkojo kwa anayekwenda mwaloni. Ikiwa figo ndizo zenye kasoro, aliyekuwa akila vidonge vya kiungulia kila siku apeleke pakiti tupu pamoja na karatasi ya kreatinini kwa daktari, kisha fomu iandikwe wazi: alumini, kwenye seramu, chupa ya metali adimu.